Tuko Tu

Darasa la Kiingereza la jioni, mtaani Katindo,
chumba cha mbao, taa ya betri.
Mwalimu Hangi kaandika ubaoni herufi nne,
tunazisoma kwa pamoja: jasti.
"Maana yake tu. Andikeni: tu."
Naandika. Kisha mambo yanaharibika.

Jasti nimefika: ndiyo kwanza nafika,
vumbi la njia lingali kwenye nyusi.
Jasti hapa: hapa hapa, si pale kwa Mama Kavugho.
Basi nimelipata jasti: nusura liniache.
Tena, anasema, jasti ni mtu mwenye haki,
lakini huyo tumwache nje, ni kivumishi.
Darasa zima likacheka. Sijui kwa nini.

Mimi naosha vyombo hotelini, kando ya ziwa.
Juzi mgeni aliniambia: jasti maji.
Nilimletea, nikabaki nimesimama
nikingoja kile kingine kilichojificha nyuma ya neno.
Hapakuwa na kingine. Maji tu.

Letu, mwalimu, hukulifundisha.
Letu hukaa nyuma ya sentensi
kama mtoto wa mwisho kwenye foleni ya bomba,
kidumu kichwani, haongei,
na bila yeye nyumbani hakupikwi.
Pita tu. Kaa tu. Lia tu, mwanangu.
Hapo linapunguza nini? Linafungua mlango.

Kaka yangu Byamungu, aliyesoma Kifaransa,
anasema kwao tu ni wewe.
Kwetu ni sisi: tunahama, tunarudi,
tunajenga juu ya mawe yaliyokuwa moto.

Usiku narudi, viatu vikilalamika juu ya mawe hayo.
Masika yuko mlangoni anapuliza makaa.
"Habari ya siku?"
Kuna kodi ya miezi miwili. Kuna ile milio ya juzi.
Dada alikwenda Minova, simu yake haiiti.
Namjibu: "Tuko tu."
Anaitika, "Tuko tu," anapuliza tena.

Tu mwanzoni, tu mwishoni,
na katikati ko,
mahali ambapo hata sarufi haipataji.

Kesho yake nikanyoosha mkono:
"Mwalimu, tuko tu, kwa Kiingereza?"
Akaandika jasti. Akaifuta kwa kiwiko.
Akaizungusha chaki vidoleni mpaka ikakatika.
"Wewe unakaa Goma," akasema,
"unataka kumwambia nani?"