Mkunjo

Ofisi ya ardhi, Lindi, kabati la tatu.
Ramani ya Wajerumani imekunjwa mara nne,
ikafunguliwa, ikafungwa, vumbi la vidole juu ya vidole,
hadi mkunjo ukatoboka.
Kitunda ipo. Ng'apa ipo,
imeandikwa na mtu aliyeisikia vibaya.
Kwetu hakupo. Kwetu kulikuwa kwenye mkunjo.

Ya Waingereza ina reli,
nyeusi, mshono wa jeraha kutoka Mkwaya kwenda Nachingwea.
Iling'olewa kabla sijazaliwa;
taruma lake moja ndilo kizingiti cha jiko la shangazi Somoe,
palepale karatasi inaposema: pori.

"Mpaka wenu uko wapi?" anauliza Bwana Nampoto,
miwani kwenye paji, chai inapoa.

Shangazi hasomi. Anainama,
anapenyeza kidole kwenye tundu la mkunjo
mpaka kinagusa mbao ya meza.
"Hapa. Mkorosho uliopinda. Halafu kaburi la mama.
Halafu maji ya mvua yanapogeuka,
ukiyafuata umefika kwa Wakina Chilumba, hao ni wakorofi."

Nampoto anachonga penseli.
Anatazama tundu.
Hana pa kuandika.