Mita Arobaini, Katuba

Reli yetu haifiki Likasi.
Inatoka jikoni kwa mama Ngosa,
inazunguka mparachichi, inarudi:
mita arobaini za chuma bapa
nilizoziunga mwenyewe, usiku, umeme ukikubali.

Upana wake ni kijiti hiki cha mninga.
Nilikikata mara moja tu, na sikikopeshi.
Kikikwama, reli imebana.
Kikicheza, imeachama.
Kikiingia kama ulimi kinywani, nyamaza, songa mbele.

Miaka thelathini na mmoja nilichonga magurudumu
ya mabehewa yaliyobeba shaba ya watu.
Sasa nachonga ya kumbeba Feza, ya kumbeba Numbi,
na yule mnene wa Mukalay anayevunja springi.

Mvua ya Novemba ilikula kokoto.
Mchwa wakala mataruma saba, wakabakiza misumari
imesimama hewani kama meno ya bibi.
Grisi ilipokwisha nikapaka mawese:
siku nzima treni ikanukia maharage,
mbwa wa mtaa wakaifuata.

Kwenye kona ya mti huwa inaanguka.
Nimeinua reli ya nje unene wa sarafu,
kisha wa sarafu mbili.
Bado.
Jana Numbi, miaka saba, akalala kifudifudi,
jicho moja sawa na chuma:
"Babu, si reli. Ni mzizi unasukuma."

Nikaleta shoka.
Nikatazama juu, maparachichi yanaanza kunenepa.
Nikarudisha shoka.

Tumeng'oa kona yote. Tunaanza upya
mbali kidogo na shina,
na kijiti ameshika yeye.