Hatua Mia Tatu

Delhi walitia saini kwa kalamu nzito,
bendera mbili ndogo zimesimamishwa mezani,
nami mkalimani nikapewa koti la manyoya
nikapandishwa milimani, juu ya Joshimath,
kutafsiri theluji.

Redio ya Wamarekani ikaita.
Redio ya Wahindi ikaita.
Zikaitana mchana kutwa kama viziwi wawili sokoni,
kila mmoja akilaumu masikio ya mwenzake.
Kumbe kila serikali ina ufunguo wake wa siri,
na funguo hizo, ingawa mkataba umekwisha kuziozesha,
hazijalala bado chumba kimoja.

Toka hema la Sajini Haugen
hadi hema la Kapteni Sodhi
ni hatua mia tatu. Nilizihesabu.
Na mataifa mawili yenye wapiga kura kama mchanga
yakakosa namna ya kuambiana: sogea kushoto.

Ndipo alipoitwa Surbir Rautela, mwenye nyumbu,
aliyekodiwa kubeba viazi na mafuta ya taa.
Wakamkunjia karatasi. Akaichomeka kofiani.
Akaenda, akarudi na jibu, akaenda.
Siku sita vita vile vya mazoezi
vilipiganwa juu ya kichwa cha mtu asiyesoma Kiingereza,
chini ya kofia aliyofumiwa na mkewe.

Usiku tuliota jiko moja.
Haugen, aliyekulia kwenye ng'ombe huko Montana,
akampapasa nyumbu shingo, akauliza ukoo wake.
"Mama farasi, baba punda," Surbir akajibu.
"Huku kachukua mwendo, kule kachukua subira.
Hubeba kuliko wazazi wake wote wawili.
Ila hazai."
Kapteni akacheka hata chai ikamwagika.
Haugen alicheka baadaye kidogo,
nilipomaliza sentensi, na kidogo tena baada ya hapo.

Kisha akauona mstari mweusi
kwenye ukucha wa Surbir, kidole cha shahada.
"Ulijigonga nyundo?"
"Nilipiga kura."
Sajini akapekua pochi, akatoa kibandiko kilichokunjamana,
alichopewa kituoni kwao siku ya uchaguzi.
Wakaviweka karibu na taa, ukucha na karatasi,
kama watu wanaolinganisha makovu.
"Chako kinabanduka," alisema Surbir.
"Na chako utakikata na mkasi."
Hilo halikuhitaji maelezo. Wote wawili walinyamaza.

Ndipo Surbir akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:
"Haya mazoezi, tunajiandaa kupigana na nani?"
Nikatafsiri neno kwa neno, sikupunguza.
Kapteni akatazama kikombe chake.
Haugen akatazama buti zake.
Hakuna aliyetazama kaskazini,
na kwa jinsi kila mtu alivyojizuia kutazama kaskazini
Surbir akapata jibu.
Huko ndiko babu yake alikokuwa akienda
na kondoo waliobebeshwa shayiri,
akirudi na chumvi,
kabla njia haijafungwa.

Siku ya saba helikopta ilishusha sanduku la chuma.
Mafundi wawili wakainama, wakanong'ona, wakageuza kitu.
"Unanisikia?"
"Nakusikia."
Makofi. Mtu akapiga picha.

Surbir alilipwa siku sita.
Akasema: "Hata leo nilikuja."
Karani akamwambia leo hapakuwa na barua.
Akazihesabu noti mara mbili, akazichomeka kofiani
palipozoea karatasi, akashuka na mnyama wake.

Ripoti niliandika mimi, kwa lugha mbili:
Mawasiliano yalipatikana siku ya saba.
Nikafuta.
Nje njia ya kwato ilionekana bado,
hema hadi hema, nyembamba, iliyoshindiliwa vizuri,
na theluji ilikuwa imeanza kuijaza.
Nikaandika tena vilevile.