Daftari la Kwemdimu

Saa moja kasoro nilifungua darasa la tatu.
Ubaoni palibaki hesabu ya Ijumaa: kutoa kwa kukopa.
Sikuifuta.
Nikaliinua sanduku, nikawaonyesha mawakala kuwa ni tupu,
wa Kinu na wa Koroboi, mtu na shemeji yake,
wakachungulia kama wachunguliao kisima cha kiangazi.

Majina mia tatu na kumi na mawili.
Nami nina rula, kalamu ya bluu,
na wino usiotoka kidoleni hata kwa ndimu.

Wa kwanza Mwanjaa binti Semkiwa,
ufunguo wa nyumba unaning'inia shingoni.
"Yule wa maji yuko wapi?"
Bibi, kwenye karatasi hakuna wa maji, kuna picha na majina.
"Mara ile alikuwa wa maji."
Akaingia kibandani, akakaa, akakaa,
akatoka amefumba kiganja kama aliyeficha sarafu.

Kwemdimu haingoji kura ijijue.
Juu ya bomba ni Kinu, tangu enzi za mkonge,
tangu babu zao walipolipwa kwa kipande.
Chini ya bomba ni Koroboi, tangu waumini walipogawana mikeka.
Mbaruku Hoza alipohama chama
alihamisha na mbuzi.
Harusi zetu zina kamati mbili.
Msiba, alhamdulillahi, bado ni mmoja.
Na bomba lenyewe, katikati, kavu kwa wote.

Saa nne, honi.
Lori la machungwa, lililongojwa wiki tatu,
limesimama kwa Shekalaghe, na mnunuzi anashuka na pesa taslimu.
Foleni yangu ya watu kumi na tisa ikageuka
(hakuna aliyekimbia, ni vile maji yanavyoona mteremko)
ikawa foleni ya matenga.
Wa juu na wa chini, bega kwa bega,
wakimhesabia mnunuzi kwa sauti moja ili asiruke mia.
Wakala wa Kinu akaomba dakika tano.
Wakala wa Koroboi akasema:
"Akienda huyu, naenda. Siwezi kumwachia wateja."
Nikabaki na askari Kaniki, na sanduku, na nzi.

Asije mtu kutoka mjini akaniambia wamepuuza.
Chungwa likiiva halisubiri matokeo.
Uchaguzi una tarehe yake, utarudi;
lori halikuahidi mtu.

Alasiri rula yangu ilipita juu ya majina mengi bila kutua.
Wana watatu wa Mhilu, wote wako Dar, wanabeba zege.
Mwanamkuu, aliyefariki mfungo mosi; kaka yake alikuja
kuniomba nisimkate: "Mwache. Hapo ndipo pekee alipobaki ameandikwa."
Zuberi Shemdoe alifika mpaka mlangoni,
akasoma orodha yote ukutani, akaliona jina lake,
akalitikisia kichwa kama mtu anayemsalimu jirani
wasiyeelewana, akaondoka.

Saa kumi tukafunga. Giza likatukuta tukihesabu.
Kaniki akawasha koroboi.
Wakala wa Kinu akapinga: hiyo ni kampeni ndani ya kituo.
Tukamalizia kwa mwanga wa simu, asilimia sita ya chaji.

Themanini na saba.
Kinu arobaini na tatu, Koroboi thelathini na tisa,
zilizoharibika tano.
Nne zina alama kila mahali, kama kuku aliyetembea.
Ya tano haina alama kabisa:
kuna ndoo, imechorwa kwa utulivu,
na mpini wake, na tone moja likining'inia chini.
Mawakala wakaitazama kwa zamu.
Hakuna aliyesema si yangu.

Nikatia saini, nikafunga lakiri.
Mimi si wa hapa. Jina langu liko ng'ambo ya Zigi,
ukurasa wa nne,
ambako karani mwingine, nisiyemjua,
leo ameishusha rula na kunipita.
Usinitazame mikono.
Vidole vyote kumi vina wino,
chupa ilivuja.