Namba kwa Chokaa

Kazi yangu ilikuwa namba.
Jumamosi jioni, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
magari ya watu yakipanga foleni barazani kwangu:
Datsun ya mwalimu Shekue,
Korola ya daktari wa meno,
Staleti ya Ramnik muuza mikate,
ukifungua mlango, unga unakupanda puani.
"Nne." "Kumi na moja."
"Saba, lakini iinamishe kidogo,
ionekane inakimbia."

Nilichora kwa chokaa iliyokandwa na uji wa muhogo,
rangi ya siku moja,
kwani Jumatatu gari lilirudi kwa bwana wake mwingine:
shule, meno, mikate.

Sheria ilikuwa mstari mmoja ubaoni:
gari lolote linalouzwa dukani, lije.
Viti vya nyuma vilibaki kwangu hadi mbio ziishe,
majirani wakivikalia kama wageni wa harusi,
wakila mihogo ya kukaanga
na kubishana nani ana klachi, nani ana mdomo.

Njia ilipasua mkonge kule Pongwe.
Injini ndogo, sisi elfu moja na ushee,
zikilia kama cherehani zilizopewa kazi ya usiku.
Hakukuwa na kasi ya kutisha, palikuwa na ubishi:
bampa kwa bampa, kioo cha pembeni kimekwenda na jirani.
Mwalimu alimpita daktari kwenye kona ya pipa.
Jumanne jino likamuuma.
"Kaa," daktari alimwambia, "leo zamu yangu."

Na fundi Mhina, bisibisi sikioni,
ncha yake juu ya injini, macho kafumba:
"Plagi ya tatu ina mafua."
Wakaifungua. Ilikuwa nayo.

Halafu likaja gari limebebwa na gari.
Watoto walicheka. Nami nilicheka.
Jina lilikuwa lile lile la dukani,
ila taa za mbele zilikuwa picha, stika tu,
na ndani hamna pa kuweka hata mkate mmoja:
mabomba ya chuma, waya, kiti kimoja kama kaburi la kusimama.
Fundi wao hakusikiliza kitu.
Alichomeka kompyuta, akasoma, akanywa soda.
Sheria nayo ilikuwa imenenepa, kitabu kizima;
Shekue, msomaji wetu, alisinzia ukurasa wa arobaini.

Nikasogea na brashi yangu.
"Namba gani?"
"Tunayo," wakasema,
wakaibandua kwenye karatasi.

Walituacha mbali, sitatia chumvi.
Mzunguko wa tatu walikuwa nyuma yetu tena,
wakiomba njia.

Wala sisemi zamani ilikuwa asali.
Au ilikuwa, pamoja na nyuki wake:
mwaka mmoja kabla, Korola ilibiringika mara mbili,
paa likamkalia daktari begani,
na mkono wake wa kulia haujashika koleo tangu siku ile.
Yale mabomba niliyoyacheka
yangemtoa mzima, akijifuta vumbi.
Nalijua hilo. Nalijua kila jino linaponiuma.

Mbio za mwisho za Ramnik
alikuja peke yake, usiku, taa moja imekufa.
"Leo tia rangi ya mafuta."
"Na Jumatatu?"
"Jumatatu watakula mikate ya namba saba."
Akashika nafasi ya tisa kati ya kumi.
Wa kumi aliishiwa petroli.

Staleti ile sasa ni ya muuza mayai.
Imepakwa upya mara mbili, kijani, kisha kijivu,
lakini mvua ikinyesha mlango ukalowa
saba yangu inapanda juu, imeinama, inakimbia,
na gari lenyewe, pale Mgandini,
limesimama kumpisha mbuzi,
trei arobaini nyuma,
dereva akikanyaga breki kwa kidole gumba.