Maagizo kwa Lusajo, Anayerithi Wageni Wangu

Goti limesema basi, Lusajo, nami nimelisikia.
Chukua fimbo, na koti la mvua lenye kiraka.
Viatu havitakutosha, mguu wako ni wa babako.

Kesho wanashuka wawili pale Isyonje.
Waanzie kwa Subilaga, chai ya tangawizi kwanza.
Wataiona kalenda ukutani, ya mwaka uliokwisha zamani:
Himalaya, theluji, vibendera vya rangi kwenye kamba.
Watasema, pale tumefika. Waache waseme.
Subilaga haibandui. Anasema tarehe zimekufa,
mlima haujafa.
Miaka kumi na tisa nimekunywa chai chini ya theluji ile
nikijiambia mwakani, mwakani nami nitakwenda.
Mwakani ana miguu mirefu kuliko yangu.

Ngozi uwapeleke mapema, ukungu haujatia kufuli.
Watateleza; mizizi ya kule haina adabu kwa mtu.
Wakifika ukingoni wasione kitu,
weupe mtupu, kama maziwa yaliyomwagika,
usiombe radhi. Keti. Toa viazi.
Kuna siku ziwa hufunuka kwa pumzi tatu tu,
kijani, chini kabisa, kimya,
kisha linafumba, na mtu mzima analia asijue analilia nini.
Wakiuliza kina chake, sema hujui.
Mimi nilikuwa natunga namba, kila siku yake,
mpaka mwalimu mmoja akarudi mara ya pili
na daftari.

Kiwira, wataomba kuvuka Daraja la Mungu.
Kataa.
Mungu alijenga, lakini kingo hakuweka.

Kisha Kitulo. Baridi ya huko haibishi hodi.
Usiwape majina ya maua yote, watachoka;
wape matatu, na mengine wayainamie wenyewe.
Lakini lile jiwe la mfano wa ng'ombe aliyelala,
usiwapitishe mbio.
Nyuma yake nyasi tupu, na vishimo
kama alama za vidole kwenye unga.
Watu walichimba viazi vya maua usiku,
gunia likavuka mpaka, likawa chikanda
kwenye sahani ya mtu asiyewahi kuona ua lenyewe.
Watakuuliza, watu gani?
Wajibu unavyojua.
Wewe nakwambia: mwaka ule Tumpe alirudishwa shule kwa ada,
na jembe lilikuwa langu.
Magunia matatu. Mwezi ulikuwa mkubwa,
sikuhitaji hata tochi.
Nimewapitisha wageni pale tangu hapo
nikiwaonyesha upande wa pili, mawingu, ndege,
chochote kile.

Mteremkie Matamba hadi Chimala.
Waambie wahesabu kona. Ni hamsini na saba,
ila sijampata aliyefika chini na hesabu hiyo:
mmoja husinzia, mwingine hutapika,
mwingine anaona bonde la Usangu limetandazwa
kama mkeka ulioanikwa, akasahau alikuwa ngapi.
Huyo ndiye mgeni. Mrudishe polepole.

Nitakuwa kwa Subilaga, kwenye benchi la dirishani.
Usinihesabie walichokulipa.
Niambie kama Ngozi ilifunuka.
Na nyuma ya jiwe lile, Lusajo, uiname,
uinamie kweli, uyatenge majani kwa mkono,
halafu hata kama hakuna kitu
uje uniambie.