Rangi ya Wiki Tatu

Alikuja saa nane, jua limewafukuza wateja,
Mwaringa wa Ganda, miaka sabini na kitu,
akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukopa.
"Nataka nyeusi," akasema. "Nyeusi kabisa.
Na nyusi pia, kama inawezekana."

Nikamfunga shuka shingoni.
Nikakoroga rangi kwenye kifuniko cha Kimbo.
Nimepaka wengi hapa Barani:
bwana harusi wa mara ya tatu,
mwalimu anayeficha umri asistaafishwe.
Sijawahi kupaka mtu anayetetemeka.

Jirani yake Kitsao hakupaka.
Mvi zake zilikuwa pamba tupu,
macho mekundu kwa miaka arobaini ya moshi wa makaa.
Walisema huo ndio ushahidi.
Mtoto wa nduguye aliugua tumbo,
na tumbo likatafutiwa mwenyewe.
Alizikwa Jumanne.
Ijumaa walikuja watu wa kupima,
na kamba, na vigingi vyenye utepe mwekundu.

Shamba la Mwaringa linapakana na lile.
Ekari nane, mikorosho, na sasa lami imefika.
"Kulipokuwa vichaka," akaniambia ndani ya kioo,
"mimi nilikuwa baba mkubwa.
Ilipofika lami nikawa mchawi."

Inakaa muda gani? akauliza.
Wiki tatu. Kisha mashina hutoka meupe.
Akahesabu kwa vidole, akalipa kwa sarafu.
Nikamshikia kioo kidogo aone kisogo.
Hakutazama kisogo.
Alitazama barabara.

Jumamosi akaja Kenga, mtoto wa kaka yake,
kijana mcheshi, chenji huniachia.
Nikamfunga shuka lile lile.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema;
wasichosema ni kwamba yupo anayeifunga hiyo nguo,
kwa fundo, kwa shilingi mia,
huku akiuliza: juu nipunguze ama niache?

"Mzee wetu karudi ujana," akacheka.
"Umempaka wewe? Hiyo rangi hukaa muda gani?"
Mashine ilikuwa ikinguruma sikioni pake,
ningeweza kujifanya sikusikia.
"Sijampaka mtu," nikasema. "Ni nywele zake."
Akanitazama kiooni
kwa muda mrefu kuliko kichwa kinavyohitaji.
Chenji, siku hiyo, akaichukua.

Tangu hapo nahesabu,
kalamu kwenye kalenda ya duka la simiti.
Mzee hajarudi. Simu yake huita mpaka ikate.
Leo ni siku ya kumi na tisa.
Nimefunga mapema, chupa imo mfukoni,
nimeizungushia gazeti kana kwamba ni pombe.

"Ganda," namwambia wa bodaboda.
"Kwa nani?"
Natazama kisogo chake: kichanga, cheusi,
hakina deni na mtu.
"Kwa mteja," nasema. "Washa."